Miaka minne kwenye dawa za sonona: niache au niendelee?

MwalimuWaHesabu

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari zenu. Jambo hili nimelibeba peke yangu kwa muda mrefu, na sasa nimebakiwa na wiki tatu za kutoa jibu.

Natumia sitalopramu ya miligramu 20, kidonge kimoja kila asubuhi, huu ni mwaka wa nne. Nilianzishiwa wakati ambao nilikuwa naamka, naoga, navaa, kisha nakaa pembeni ya kitanda na mkoba begani nisiweze kuinuka. Saa nzima. Silii, siwazi, nipo tu. Dawa ndiyo iliyonitoa pale, na nalisema hili mapema ili asije mtu kuniambia vidonge hivi ni sumu. Kwangu havikuwa sumu. Wiki ya tano, pengine ya sita, nilijikuta nasahihisha madaftari huku naimba. Niliweka kalamu chini nikajisikiliza.

Sasa ni zaidi ya miaka miwili niko salama. Nalala vizuri, nafundisha, nacheka. Ila kuna vitu navidai. Cha kwanza ni machozi. Baba yangu mdogo, aliyenilea, alifariki mwaka jana, nami nikasimama kaburini macho makavu. Huzuni nilikuwa naiona, lakini naiona kama mtu aliye ndani anavyoiona mvua ya nje. Cha pili ni mambo ya chumbani. Mume wangu ni muungwana, hajawahi kulalamika, lakini ukimya wake nausikia.

Basi mwezi wa pili niliacha. Sikumshirikisha mtu. Nilimeza nusu kidonge kwa wiki moja, wiki iliyofuata nikawa nameza leo, kesho naruka, kisha nikaacha kabisa.

Siku tatu za mwanzo nilikuwa mzima hata nikajipongeza. Siku ya nne nilikuwa ubaoni naandika mlinganyo. Nikapeleka macho dirishani, macho tu, kichwa hakijageuka, nikasikia kitu kama shoti ya umeme ndani ya fuvu. Fupi sana. Haikuuma. Lakini ilikuwa kana kwamba macho yamefika dirishani na mimi mwenyewe bado niko ubaoni, nikachelewa kidogo kuyafuata. Chaki ikanidondoka. Mwanafunzi wa mbele akaiokota akanipa, nikaendelea kuandika huku mkono unatetemeka. Kufikia jioni zilikuwa zinakuja kila nilipogeuza macho, ikabidi niwe nageuka mwili mzima kama mtu mwenye jipu shingoni.

Wiki ya pili ikaja na mengine: kichefuchefu, jasho la usiku, ndoto ndefu zenye rangi kali ambazo nikiamka nazo zinanifuata hadi mchana. Na hasira. Nilimfokea mtoto aliyeuliza swali zuri kabisa. Nikaenda kujifungia chooni nikalia, na yale machozi niliyokuwa nayatafuta yakamwagika yote, lakini hayakuwa ya baba mdogo wala ya mtu yeyote. Yalikuwa yanatoka tu. Nikasema, basi, ugonjwa umerudi. Siku ya kumi na tisa nikameza kidonge. Siku mbili baadaye shoti zilikuwa zimekwisha, na kabla ya wiki kuisha nikawa mimi tena.

Daktari ninayemwona alinisikiliza dakika chache akasema: "Unaona? Sonona imerudi. Wewe dawa hii ni ya maisha." Nilipobisha kidogo akaniambia nikafikirie, nirudi baada ya wiki tatu na msimamo wangu.

Nawaomba mliopita njia hii. Nitajuaje kama kilichonipata ni dawa kutoka mwilini au ni ugonjwa kurudi? Mlioacha mliachaje? Na mlioamua kubaki nazo, mliamua kwa kuangalia nini?

---

BibiMshonaji

Marahaba mwanangu, na pole sana. Ulivyoisimulia hiyo shoti nimeisikia tena kichwani mwangu, na mimi nimeacha dawa miaka mitatu iliyopita.

Swali lako la kwanza umelijibu mwenyewe bila kujua. Rudi usome ulichoandika. Ulipoanza dawa mara ya kwanza ilikuchukua wiki ya tano au ya sita mpaka ukajikuta unaimba. Mwaka huu ulipoirudia ilikuchukua siku mbili shoti kwisha, na wiki haikuisha ukawa mzima. Sonona haiondoki kwa siku mbili, mwanangu. Kinachoondoka haraka hivyo baada ya dawa kurudi ni mwili uliokuwa unaidai dawa.

Tazama na tarehe za kuanza. Siku ya nne! Ugonjwa wenyewe kwa kawaida unanyemelea, unachukua wiki nyingi, hata miezi, unakuchukua kidogo kidogo mpaka watu wa nyumbani wanauona kabla yako. Tazama pia zile dalili. Ulipougua mara ya kwanza ulikuwa na shoti? Ulikuwa na kizunguzungu, jasho, kichefuchefu? Ulikaa kitandani na mkoba begani, hukuwa na hasira wala machozi. Mwezi wa pili ulikuwa na hasira na machozi, na kazini ulikuwa unakwenda. Hizo ni sura mbili tofauti.

Sisemi daktari wako hajui kazi yake. Nasema hakuuliza siku. Ukirudi kwake mwekee tarehe mezani.

Mimi dawa yangu ilikuwa hiyo hiyo yako, kiasi hicho hicho, miaka saba. Mara ya kwanza niliacha kama wewe, kwa pupa, nikadhani nimepata kiharusi. Mara ya pili ilinichukua miezi kumi na sita. Usishtuke. Mimi ni mshonaji, nimezoea kwamba kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi, basi nikasema safari hii nitapima. Nilihamishiwa dawa ya matone. Matone manane ndiyo yalikuwa sawa na kile kidonge cha miligramu 20. Miezi minne nilishuka kutoka manane hadi manne. Miezi sita kutoka manne hadi moja. Na lile moja la mwisho peke yake lilinichukua miezi sita mingine, mfamasia akinionyesha namna ya kulichanganya na maji na kupima kwa sirinji.

Watu wananiuliza kwa nini tone moja miezi sita. Naomba mtu aliyesoma aeleze, mimi najua tu kwamba mwili ulikataa kuharakishwa pale.

---

MfamasiaZamuYaUsiku

Bibi, shikamoo. Umesema vizuri, na hilo la tone la mwisho naomba nilieleze, kwa sababu aliyeuliza ni mwalimu wa hesabu na hapa pana hesabu.

Dawa za kundi hili hufanya kazi kwa kushika vile visafirishi vinavyoirudisha serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni, ndani ya seli za neva. Kwa picha za ubongo imeweza kupimwa ni sehemu gani ya visafirishi hivyo imeshikwa kwa kila kiasi cha dawa. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor walizipanga takwimu hizo katika jarida la The Lancet Psychiatry. Kwa sitalopramu, miligramu 20 hushika takriban asilimia 80. Miligramu 9 hivi hushika asilimia 70. Miligramu 5.4 ni asilimia 60, miligramu 3.4 ni 50, miligramu 2.3 ni 40, miligramu 1.5 ni 30, miligramu 0.8 ni 20, na chini ya nusu miligramu bado imeshikwa asilimia 10.

Chora hiyo, Mwalimu. Si mstari ulionyooka. Juu ni tambarare, chini ni genge.

Sasa angalia ulichofanya. Ulipokata kidonge nusu, ubongo wako ulishuka kutoka asilimia 80 hadi zaidi kidogo ya 70. Karibu hakuna kitu, ndiyo maana wiki ile ulijiona mzima. Kisha ukaanza kuruka siku. Sitalopramu hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 35, kwa hiyo ukimeza leo na kuruka kesho, dawa inapanda na kushuka, na mwili hauna mahali pa kutulia. Halafu ukaacha, ukaanguka kutoka huko juu hadi sifuri. Ngazi ya kwanza uliishuka vizuri, zilizobaki zote uliziruka kwa pamoja.

Wanaotumia dawa nyingine wasichukue namba hizi za sitalopramu kama zao. Paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini upesi, na wengi huteseka nazo zaidi, wengine hata kwa kuchelewa dozi moja tu. Fluoksetini hutoka polepole sana, dalili zake zikija huja kwa kuchelewa, wiki kadhaa baadaye, na mtu anakuwa ameshasahau kuihusisha. Na vile vidonge vya kutoa dawa taratibu usivisage wala kuvikata bila kumuuliza mfamasia, utaimeza dozi ya siku nzima kwa mara moja.

Ni wangapi hupata haya? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2024, katika jarida lile lile, ulikuta dalili kwa takriban asilimia 31 ya walioacha dawa hizi, na kwa asilimia 17 ya walioacha kidonge kisicho na dawa ndani yake. Tofauti hiyo, karibu mtu 1 kati ya 6 au 7, ndiyo wanaihesabu kuwa ni ya dawa yenyewe. Dalili kali zilikuwa kwa mtu 1 hivi kati ya 35. Wakosoaji walisema wengi wa waliochunguzwa walikuwa wametumia dawa kwa muda mfupi, na wewe una miaka minne. Ninachotaka ulichukue hapo ni kwamba wapo wengi wanaoacha bila shida yoyote, na wapo wanaoteseka kweli, na wote wawili wanasema kweli. Mwili wako umeshakuonyesha uko upande gani ukiharakishwa.

Daktari akitaka kusoma, mwambie Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Uingereza kilitoa mwongozo wa wagonjwa kuhusu kuacha dawa hizi mwaka 2020, na ndani yake kuna mifano ya kushuka namna hii. Mpelekee kwa heshima. Wengi wetu tulifundishwa kwamba wiki nne zinatosha.

Kuna jambo moja sitalipita. Ukiwa unashuka ukaanza kupata mawazo ya kujidhuru, au hali ya kutotulia ambayo huwezi kukaa wala kulala wala kusimama, usingoje tarehe ya kliniki. Siku hiyo hiyo mwambie mtu aliye karibu nawe, mwende hospitali. Na ukiwa mjamzito au unapanga ujauzito, usiguse dozi kabla ya kuzungumza na daktari.

---

NimebakiNazo

Dada yangu Mwalimu, mimi ni wa upande wa pili, na nimeona hakuna aliyejibu swali lako la mwisho.

Nimeugua mara tatu. Nimeacha dawa mara mbili, na ile ya pili niliacha kwa utaratibu wote anaousema Mfamasia, mwaka mzima, sikupata shoti hata moja. Nikakaa miezi mitano bila kidonge. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Kilichonirudia hakikupiga hodi. Niliacha kufunga kamba za viatu. Naomba uelewe, si kwamba nilishindwa. Niliona tu haina haja, nikawa naziingiza pembeni ya kiatu natoka. Baadaye nikaacha kupokea simu za mama. Baadaye nikawa nalala na nguo nilizoshinda nazo. Kila jambo moja lilikuwa dogo, na kwa kila moja nilikuwa na sababu. Mke wangu ndiye aliyepiga magoti siku moja mlangoni akanifunga kamba, akaniangalia kutoka kule chini, akasema, "Baba, imerudi." Hapo ndipo nilipojua.

Kwa hiyo Bibi yuko sahihi kuhusu tarehe, na mimi ni shahidi wa upande ule mwingine wa tarehe. Ikija siku ya nne na shoti, ni dawa. Ikija mwezi wa tano kimya kimya na sura ile ile uliyoijua zamani, ni ugonjwa. Kuna utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2021, watu 478 waliokuwa wakitumia dawa hizi kwa muda mrefu na wanajisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha. Nusu waliendelea, nusu walishushwa taratibu bila kujua nani ni nani. Ndani ya wiki 52 ugonjwa uliwarudia asilimia 56 ya walioacha, na asilimia 39 ya walioendelea. Ukizisoma namba hizo ukiwa na hofu utaona 56. Mimi nilizisoma mara nyingi, na naomba nawe uzione zote: karibu nusu ya walioacha walikaa mwaka mzima bila kuugua, na wapo waliougua na kidonge wanameza.

Mimi nilichoangalia ni hiki. Nimeugua mara ngapi? Tatu. Ninapougua nafika wapi? Nafika pabaya, na nina watoto wawili. Dawa inanichukulia nini? Inanichukulia kidogo. Nikapima, nikabaki. Sijioni mfungwa. Wewe umeugua mara moja, na dawa inakuchukulia machozi na mume. Mizani yako si yangu.

Lakini kwa nini uchague kati ya 20 na sifuri tu? Mimi nilikuwa na shida ile ile ya chumbani, tena kwa mwanaume ni jambo zito kulitamka. Nililitamka kwa daktari nikiwa naangalia sakafu. Akanipunguzia hadi nusu, tukangoja, na mengi yakarudi, hata kulia. Nikabaki hapo. Kwa mujibu wa hizo namba za Mfamasia, nusu yako bado inashika zaidi ya asilimia 70. Huenda ukapata unachokidai kabla hujafika chini.

Na uandike orodha. Dalili zako mwenyewe za mwanzo, zile ndogo za aibu, kama kamba zangu. Mpe mtu anayeishi nawe. Ukiwa ndani ya ugonjwa hutaziona.

---

BibiMshonaji

Mwanangu NimebakiNazo, Mungu akuwekee mke wako.

Naongeza machache ya siku kwa siku, kwa sababu kushuka kwenyewe ndiko kunakochosha.

Usianze wakati una jambo zito. Kuhama, msiba, mitihani ya wanafunzi wako, subiri vipite. Kila ukishuka ngazi moja, kaa hapo wiki tatu, nne, hata zaidi, mpaka mwili unyamaze ndipo ushuke nyingine. Dalili zinakuja kama mawimbi: siku mbili mbaya, tano nzuri, moja mbaya. Siku mbaya usiamue lolote. Mimi nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja, nyuma yake nikaandika kila siku mistari miwili tu: nimelala saa ngapi, na kichwa kikoje kwa namba kutoka 0 hadi 10. Siku niliyokuwa nalia kwamba sijapata nafuu hata kidogo, nilifungua nikaona wiki nne nyuma nilikuwa na 7 na leo nina 4. Namba zile ndizo zilizonituliza, si maneno ya mtu.

Ikikuzidia, rudi ngazi moja juu. Moja, si zote. Nilirudi mara mbili, mara ya pili nikiwa na tone moja na nusu, nikakaa hapo miezi miwili kabla ya kujaribu tena. Nilijiona nimeshindwa siku ile, nalikumbuka hilo kwa uchungu kwa sababu nilipoteza wiki nzima nikijilaumu bure.

Shoti zenyewe hazina dawa niliyoijua zaidi ya kulala vya kutosha na kwenda taratibu. Wiki nilizolala vibaya shoti ziliongezeka, wiki nilizolala vizuri shoti zikapungua. Pombe situmii, lakini niliambiwa iachwe kabisa kipindi hicho. Na kama unaweza kupata mshauri nasaha wa kuzungumza naye, mpate kabla hujaanza kushuka, usingoje hadi umeteleza. Yale niliyojifunza kwa mshauri wangu, jinsi ya kulishika wazo baya kabla halijaniburuza, ndiyo nimebaki nayo sasa ambapo matone hayapo.

Na mwambie mumeo. Mwezi wa pili ulikaa siku kumi na tisa peke yako na umeme kichwani, na mtu amelala pembeni yako.

---

MwalimuWaHesabu

Nimerudi kwa daktari leo. Samahani kwa kimya, nilitaka kuja na jibu.

Kwanza, nimeichora ile grafu. Nilikaa mezani usiku na karatasi ya miraba, miligramu chini, asilimia pembeni, nikaunganisha nukta za Mfamasia kwa mkono. Halafu nikaweka matone ya Bibi juu yake. Tone moja ni miligramu 2 na nusu za kidonge. Kutoka matone manane hadi moja unashuka kutoka asilimia 80 hadi 40 na kitu. Kutoka tone moja hadi sifuri unashuka 40 na kitu zilizobaki. Bibi, lile tone lako la mwisho lilikuwa na uzito sawa na matone saba yaliyolitangulia. Niliangalia penseli ilipokuwa inateremka pale mwisho nikaelewa mwili wangu ulipitia nini mwezi wa pili. Nililia, na safari hii nilijua nalia kwa sababu gani. Kwa miaka minne nimeamini mimi ni dhaifu, na baada ya mwezi wa pili niliamini zaidi. Kumbe nilirushwa kutoka ghorofani nikajilaumu kwa nini sikutua kwa miguu.

Kwa daktari niliweka karatasi moja mezani. Safu mbili. Kushoto: nilipougua, dalili, na muda dawa iliochukua kunisaidia. Kulia: nilipoacha, dalili, na muda dawa iliochukua kuziondoa. Sikusema neno. Alisoma, akarudia, akavua miwani. Akasema, "Tarehe hizi sikukuuliza." Nilikuwa nimejiandaa kubishana, na sikuhitaji. Tumezungumza muda mrefu kuliko miadi yetu yote ya nyuma tukiijumlisha.

Pili, nimemwambia mume wangu. Yote, hata la chumbani. Alikaa kimya, akaniuliza kama ile wiki nzima niliyokuwa nalala nimegeukia ukutani ndiyo ilikuwa mwezi wa pili. Nikasema ndiyo. Akasema alidhani amenikosea kitu.

Msimamo wangu ndio huu. Sitaki sifuri kwa sasa, wala sitaki kubaki 20. Ninaanza matone mwezi ujao, baada ya kumaliza kusahihisha mitihani. Saba badala ya manane, wiki nne nne kwa kila ngazi. Nikifika manne natulia hapo miezi mitatu nione kama machozi yangu na mume wangu vimerudi, kama ilivyokuwa kwa kaka NimebakiNazo. Vikirudi na mimi niko imara, daktari na mimi tutakaa tena tuamue kama kuna haja ya kulikaribia lile genge. Mshauri nasaha nimepata, tunaonana mara moja kila wiki mbili.

Orodha nimeandika. Dalili nne: kukaa na mkoba begani, kutojibu ujumbe wa dada yangu, kusahihisha daftari moja kwa nusu saa, na kuacha kufungua mapazia. Nilimpa mume wangu jana usiku aibandike ndani ya mlango wa kabati. Leo asubuhi nilipofungua kabati kuchukua nguo za kazi nikaona ameongeza ya tano kwa mwandiko wake: "Haimbi."

Bibi, nikifika kwenye matone manne nitakutafuta. Na naomba uniambie, lile daftari la vipimo uliandika namba asubuhi au jioni? Nataka nianze leo, kabla sijagusa dozi, ili nijue kichwa changu cha kawaida ni ngapi.

---

BibiMshonaji

Jioni, mwanangu, kabla ya kuzima taa. Asubuhi ndoto zinadanganya.